Kompyuta Kuukuu na Windows 10: Mwongozo Kamili wa Kuirudishia Kasi

Mwongozo huu ni wa mashine za aina moja: kompyuta za mezani zilizotengenezwa kwa ajili ya ofisi kati ya 2011 na 2014, ambazo leo utazikuta kwenye maduka ya steshenari, ofisi za shule na meza za wahasibu wadogo. Dell OptiPlex 790 na 7010, HP Compaq Pro 6300, Lenovo ThinkCentre M92 na ndugu zao. Ndani kuna Core i3 au i5 ya kizazi cha pili au cha tatu, RAM (kumbukumbu ya muda ya kufanyia kazi) ya GB 4, diski ya kuzunguka ya GB 500, na Windows 10. Ukiulizia 7010 dukani uwe makini, maana Dell walilirudia jina hilo mwaka 2023 kwa mashine mpya kabisa. Hapa nazungumzia ile ya 2012. Mwenye laptopu ya umri huo naye asome, nitasema pale mambo yanapotofautiana.

Prosesa za mashine hizi hazijazeeka kiasi watu wanavyodhani. Core i5-3470 ya 2012 ina viini vinne vya gigahezi 3.2, na kwa Word, Excel, barua pepe na YouTube bado inatosha. Kinachoichosha ni diski, na baada ya diski ni RAM. Ndiyo maana mpangilio wa mwongozo huu unaanza na bisibisi kabla ya kipanya. Watu wengi huanza kwa kuzima rangi na vivuli vya Windows, wanapata nafuu ya siku moja, kisha wanaishia kuilaumu kompyuta.

Kwanza, jua kinachokwama

Washa kompyuta, iache itulie kama dakika kumi bila kuigusa, kisha bonyeza Ctrl+Shift+Esc. Task Manager ikifunguka kwa udogo, bofya "More details", halafu nenda kwenye "Performance". Hapo kuna mambo matatu ya kusoma.

Anza na Disk. Katika Windows 10 za kuanzia toleo lenye namba 2004 (lilitoka mwaka 2020), chini ya jina la diski pameandikwa HDD (diski ya kuzunguka) au SSD (diski ya chipu), kwa hiyo huhitaji kufungua boksi kujua unacho kipi. Ukiona asilimia 100 huku kasi ya kusoma ikiwa MB 1 au 2 tu kwa sekunde, usishangae. Diski ya kuzunguka ina mkono unaosogea juu ya sahani kutafuta data, na kila safari moja huchukua takriban milisekunde kumi. Faili kubwa moja huisoma vizuri, hata zaidi ya MB 100 kwa sekunde. Windows inapowaka, hata hivyo, huomba maelfu ya vipande vidogo vilivyotawanyika, na mkono unashinda njiani. Angalia pia "Average response time": ikipita milisekunde 100 kwa muda mrefu, umeshampata mhusika.

Kisha Memory. Ikiwa hujafungua chochote na tayari GB 3 kati ya 4 zimetumika, kila utakachofungua kitalazimisha Windows kuhamishia baadhi ya vitu kwenye diski, ile ile iliyokwisha zidiwa. Papo hapo soma "Slots used" na "Speed". Utazihitaji ukienda kununua RAM.

Mwisho CPU. Ikikaa juu ya asilimia 80 hali hufanyi kitu, rudi kwenye kichupo cha "Processes" umtafute anayekula. Mara nyingi ni masasisho ya Windows au antivirusi, na hayo hupita. Asipopita, na Windows yako iliamilishwa kwa kraki, shuku kwamba kraki hiyo ilikuja na mgeni anayechimba sarafu za mtandaoni kwa umeme wako. Fungua Windows Security, chagua uchunguzi wa "Microsoft Defender Offline scan", na uwe tayari kusakinisha upya, kwa sababu mgeni wa namna hiyo hatoki kirahisi.

Kabla ya hatua nyingine yoyote pima afya ya diski kwa CrystalDiskInfo, programu ya bure. Ikikuonyesha "Caution", tazama mistari ya 05, C5 na C6: hiyo ni idadi ya sehemu za diski zilizokufa au zinazokaribia kufa. Hapo acha habari za kasi kabisa, nakili kazi zako kwenye diski ya nje leo hii. Hata kama afya ni njema, bakapu ni lazima kabla ya hatua inayofuata.

SSD: pesa ya kwanza iende hapa

SSD haina mkono wala sahani. Kipande kidogo cha data hukipata kwa takriban sehemu moja ya kumi ya milisekunde, na hapo ndipo tofauti ilipo. Zile MB 500 kwa sekunde zilizoandikwa kwenye boksi ni za kupendezesha tangazo. Ndiyo maana hata mashine ambayo soketi zake za SATA (za kuunganishia diski) ni za kizazi cha pili, zinazoishia karibu MB 300 kwa sekunde, itabadilika vilevile. Usikubali kuambiwa "kompyuta yako ni ya zamani, SSD haitaleta maana."

Nunua ya SATA ya inchi 2.5. GB 240 zinatosha Windows, programu na kazi za kawaida. Usinunue ya M.2 (ile yenye umbo la kijiti) kwa mashine hizi, hazina pa kuichomeka. Jihadhari na bandia: zipo zinazodai GB 1000 kwa bei ya kutupa, kumbe ndani kuna flashi ndogo iliyodanganywa ukubwa. Ukifika nyumbani, ichunguze kwa H2testw kabla ya kuweka chochote ndani yake. Huandika data kwenye diski nzima kisha kuisoma tena, na bandia haliwezi kuvuka mtihani huo. CrystalDiskInfo nayo itakuonyesha "Power On Hours". SSD iliyouzwa kama mpya ikiwa na saa elfu kumi za kazi, irudishe dukani.

Kufunga ni rahisi. Zima, chomoa waya wa umeme, bonyeza kitufe cha kuwashia mara moja ili chaji iliyobaki iishe, shika chuma cha boksi, ndipo uanze. Kwenye OptiPlex soketi za SATA zina namba. SSD iweke kwenye SATA0. Sehemu ya diski ni ya inchi 3.5 na SSD ni ndogo, hivyo utahitaji fremu ya kuishikia, lakini kwa kuwa ndani hakuna kinachozunguka, hata gundi ya pande mbili inaishika bila hasara. Kwenye laptopu unatoa diski ya zamani na kuweka SSD pale pale. SSD nyingi zina unene wa milimita 7, na laptopu nyingi za zamani zilibeba diski za milimita 9.5; ikichezacheza weka kipande cha plastiki kujaza nafasi.

Kuna njia mbili za kuhamisha Windows. Ya kwanza ni kunakili diski nzima. Kampuni kama Samsung na Crucial hutoa programu ya bure ya kazi hiyo kwa wanunuzi wa SSD zao. Ya pili ni kusakinisha upya, na kwa mashine iliyopitia mikono mingi mimi huchagua hii bila kusita, maana kunakili kunabeba na takataka zote za miaka minane. Tengeneza flashi ya GB 8 kwa Media Creation Tool ya Microsoft na uchague toleo lile lile ulilokuwa nalo, Home au Pro. Chomoa diski ya zamani kwanza ili usije ukaifuta. Washa ukibonyeza F12 kwa Dell na Lenovo au F9 kwa HP, kisha chagua flashi. Kama Windows yako ilikuwa na leseni ya kidijitali, itajiamilisha yenyewe ukiunganisha intaneti, kwa sababu leseni hiyo hufungamana na ubao mkuu, si diski.

Jambo moja la kutogusa: ukinakili badala ya kusakinisha upya, usibadilishe ile sehemu ya BIOS (mipangilio ya ubao inayofunguka kabla ya Windows) iliyoandikwa AHCI, RAID au IDE. Ukiibadilisha baada ya Windows kuwekwa utapokelewa na kioo cha bluu chenye maneno INACCESSIBLE BOOT DEVICE. Irudishe ilivyokuwa, tatizo linakwisha. Anayesakinisha upya ndiye mwenye fursa ya kuchagua AHCI kabla hajaanza.

Diski ya zamani, kama ni nzima, irudishe kama ghala la picha, video na nyaraka. Bofya kulia folda ya Documents, "Properties", "Location", kisha "Move", uielekeze huko. Halafu fungua Command Prompt kama msimamizi na uandike:

fsutil behavior query DisableDeleteNotify

Jibu la NTFS likiwa 0, Windows inaitunza SSD ipasavyo. Usiipange SSD kwa programu za defrag (za kupanga upya vipande vya faili) za kupakua. Windows yenyewe inajua tofauti kati ya SSD na HDD.

RAM

GB 8 ndicho kiwango cha kutumia Windows 10 bila manung'uniko. GB 16 kwa kazi za kawaida ni pesa uliyoweza kulia chakula.

Mashine za kizazi cha pili na cha tatu hutumia DDR3. Kwenye kompyuta ya mezani tafuta kipande kilichoandikwa PC3-12800U, yaani megahezi 1600. Hiyo herufi ya mwisho ni muhimu: kikiandikwa R badala ya U, ni RAM ya seva. Huuzwa bei rahisi kwa sababu kompyuta za kawaida haziwaki nayo. Kuna pia vipande vya bei nafuu vilivyoandikwa kuwa ni vya AMD pekee. Kwenye mashine ya Intel havifanyi kazi, muuzaji aseme asemavyo. Laptopu zinataka vipande vifupi, na zile za kizazi cha nne zinataka DDR3L ya volti 1.35.

Vipande viwili vya GB 4 ni bora kuliko kimoja cha GB 8, kwani prosesa husoma vyote viwili kwa pamoja, na picha ya kioo hunufaika zaidi kwa kuwa chipu ya picha ya Intel HD Graphics haina kumbukumbu yake, huazima RAM. Viweke kwenye soketi za jozi moja. Mchoro kwa kawaida uko kwenye kifuniko cha boksi. Ikigoma kuwaka na kulia tu, toa vipande, sugua meno yake ya dhahabu taratibu kwa raba ya kufutia penseli, futa vumbi la raba, rudisha. Mafundi hufanya hivyo kila siku.

Na kama umeongeza RAM ila Windows inaonyesha GB 3 na kitu za kutumika, angalia "System type" kwenye Settings, System, About. Ukikuta 32-bit, umepata jibu: sakinisha upya ya 64-bit.

Vumbi na joto

Fungua boksi. Ukikuta blanketi la vumbi kwenye bamba la kupoozea prosesa, joto linaifanya prosesa ijipunguze kasi ili isiungue. Ishara yake kwenye Task Manager ni "Speed" kushuka chini ya "Base speed" wakati una kazi nzito. Peleka nje, puliza kwa blowa ukiwa umeishika feni kwa kidole isizunguke. Pesti iliyo kati ya prosesa na bamba ikiwa imekauka kama chokaa, ifute kwa spiriti na uweke mpya kiasi cha punje ya mchele. Saa ya kompyuta ikirudi nyuma kila umeme ukikatika, betri ndogo ya CR2032 kwenye ubao imekufa. Ibadilishe, tarehe isiyo sahihi hufanya kivinjari kikatae tovuti nyingi na watu wakadhani ni intaneti.

Sasa ndiyo Windows

Mwenye kuweza kutumia pesa ameshapata sehemu kubwa ya kasi. Asiye nazo kwa sasa aanzie hapa, ila matarajio yawe ya kadiri.

Task Manager, kichupo cha "Startup". Zima kila usichohitaji dakika ya kwanza: Teams, Spotify, programu za printa zinazokukumbusha wino, visasishaji vya kila aina. Kuzima hapa hakufuti programu, utaifungua ukiihitaji. Antivirusi acha moja tu. Mashine nyingi za mtumba huja na mbili, na zote hukagua faili ile ile kila inapofunguliwa. Defender inayokuja na Windows inatosha, ondoa nyingine kabisa. Kisha Settings, Privacy, "Background apps", zima zote isipokuwa zile unazozisubiri zikupe taarifa.

Kwa aliyebaki na HDD kuna huduma mbili za kufikiria. Andika services.msc kwenye Run (bonyeza Windows+R), tafuta SysMain, isimamishe na uiweke "Disabled". Hupakia mapema programu unazozipenda, wazo zuri kwa diski yenye nafasi ya kupumua, si kwa hii. Windows Search nayo unaweza kuizima kama hutafuti faili kwa jina mara kwa mara. Kwenye SSD ziache zote mbili.

Masasisho hula kompyuta na bando kwa pamoja. Ukitumia intaneti ya simu, ingia kwenye "Properties" za Wi-Fi hiyo na uwashe "Metered connection", kisha zima "Delivery Optimization" ili kompyuta yako isiwapelekee wengine masasisho kwa bando lako. Yaruhusu mara moja kwa wiki ukiwa na mtandao wa uhakika.

Acha nafasi tupu kwenye C, angalau moja ya tano. cleanmgr kwenye Run, halafu "Clean up system files", mara nyingi itaondoa Windows ya zamani yenye GB nyingi. Vivuli na miondoko: sysdm.cpl, "Advanced", "Performance", "Adjust for best performance", kisha rudishia tiki kwenye "Smooth edges of screen fonts", la sivyo maandishi yatakuumiza macho.

Mambo ya kukataa hata akuambie nani: programu za kusafisha registry (hifadhi ya mipangilio ya Windows), za "kuongeza RAM", na mizigo ya skripti za kukata viungo vya Windows ambazo huwezi kusoma zinafanya nini. Usizime pagefile (faili la diski linalosaidia RAM ikijaa), mashine yenye RAM kidogo ndiyo inayoihitaji zaidi. Na ile hila ya kuingia msconfig na kuchagua idadi ya prosesa haiongezi kitu. Windows hutumia viini vyote tayari. Kisanduku kile kipo ili kuvipunguza wakati wa majaribio.

Kivinjari ndicho kinachokula siku hizi

Ukiona kompyuta ni nyepesi mpaka ufungue Chrome, hesabu vichupo. Washa "Memory Saver" kwenye mipangilio ya Chrome ili vichupo visivyotumika vilale. Weka kizuia matangazo, kwa mfano uBlock Origin kwenye Firefox. Ukurasa wa habari usio na matangazo ni mwepesi kwa RAM na kwa bando.

YouTube ina siri yake. Hutuma video kwa miundo ya VP9 na AV1, ambayo chipu za Intel za 2012 haziwezi kuifungua kwa saketi zake maalumu, kwa hiyo prosesa inabeba mzigo wote na video inakatakata. Muundo wa H.264 chipu hizo zinaufungua bila jasho. Kiongezo kinachoitwa h264ify huilazimisha YouTube itume huo. Kwa mashine za umri huu, sijui marekebisho mengine ya bure yanayoonekana haraka hivyo.

Baada ya Windows 10

Microsoft waliacha kuitolea Windows 10 masasisho ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025. Mpango wa ziada kwa watumiaji wa nyumbani unaishia 13 Oktoba 2026. Windows 11 inataka chipu ya usalama ya TPM 2.0 na, kwa Intel, prosesa ya kizazi cha nane au zaidi. Njia za kupenya zipo, ila mashine ya GB 4 itajuta. Kwa kompyuta inayotumika kwa nyaraka na intaneti, ninapendekeza Linux Mint, mfumo wa bure unaochukua nafasi ya Windows, katika toleo lake jepesi la Xfce. Mint 22 inataka RAM ya GB 2 kwa uchache, GB 4 kwa raha, na inatunzwa hadi 2029.

Pakua faili lake la ISO, liandike kwenye flashi kwa programu ya Rufus, washa kutoka kwenye flashi. Mint itafunguka bila kugusa diski yako. Jaribu sauti, Wi-Fi, printa na kioo hapo hapo. Printa nyingi za HP hutambuliwa mara moja, wengine mtajua kwa kujaribu. Ukitegemea programu ya uhasibu au mfumo wa kazini unaotaka Windows, usihame kwenye mashine hiyo. Word na Excel utazifungua kwa LibreOffice, ila nyaraka zenye mapambo mengi zitasogea kidogo.

Ukiridhika bofya "Install Linux Mint". Baada ya hapo, kwa mwenye GB 4, hatua moja inazidi nyingine zote: zram, inayobana sehemu ya RAM ili ibebe zaidi kabla ya kukimbilia diski. Fungua Terminal:

sudo apt install zram-tools

Fungua faili la /etc/default/zramswap kwa sudo, weka ALGO=zstd na PERCENT=50, ondoa alama ya # mbele ya mistari hiyo, hifadhi, kisha:

sudo systemctl restart zramswap

Andika zramctl uone kama imewaka. Halafu nenda kwenye "Window Manager Tweaks", kichupo cha "Compositor", uizime. Chipu ya picha ya zamani itapumua. Ukitaka kujua nani anachelewesha uwashaji, systemd-analyze blame itawataja kwa sekunde.

Na wenye Core 2 Duo za 2006 hadi 2009? Zenye DDR3, SSD ndogo na Mint Xfce zitazifaa kwa kuandika na kusoma, video zikiwa za ubora wa chini. Zenye DDR2 ya GB 2 msizitilie pesa. RAM hiyo ni adimu na ghali kwa GB moja kuliko DDR3, na nyongeza kidogo juu ya bei yake inakupatia i3 ya kizazi cha tatu iliyokwisha tumika.